Rehema, waulize kwanza wenyewe

Mombasa, Novemba 2024

Rehema mpenzi,

Pole sana, dada yangu, kwa jirani yenu aliyefia Kariakoo jengo lilipoporomoka tarehe 16. Unaniuliza kama ni heshima kuweka picha yake mtandaoni, maana kuna wanaosema msiba mahali pake ni matangani, si Facebook.

Nakujibu kwa tuliyoyaona huku baada ya Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab walivamia chuo kikuu, wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Mwanzoni ilitangazwa 147, na kwa siku kadhaa tulisikia hesabu hiyo tu. Mara ikazuka picha ya miili darasani, ikawa inapita simu hadi simu. Hebu fikiria mzazi anayemtafuta mwanawe anafungua WhatsApp na kukutana nayo! Mpaka leo linaniuma.

Ndipo mwanaharakati wetu Mkenya, Ory Okolloh, na wenzake wakaanza kuwataja marehemu mmoja mmoja kwenye Twitter, kwa hashtegi #147notjustanumber, yaani 147 si namba tu. Zikaja picha za watu wakiwa hai, wamevaa, wametabasamu. Chini yake mtu aliyesoma na marehemu anaeleza kwao ni wapi, alisomea nini, alipenda utani gani. Jamaa zao walikuwa mochari ya Chiromo, Nairobi, wakitambua miili. Sisi tulio mbali tulikuwa na simu tu mkononi, na kule ndiko tulikolilia. Watu wasiojuana walipeana pole. Tarehe 7 Aprili wengi wakakutana Uhuru Park kuwasha mishumaa. Kwangu mimi yale yalikuwa matanga kamili.

Kwa hiyo iweke, lakini waulize kwanza wenyewe, mkewe hasa. Akikataa, basi. Akikubali, chagua picha anayoipenda yeye, andika jina kamili na neno moja unalolijua wewe kama jirani: alivyowaita watoto wenu, labda, au alivyofungua duka alfajiri. Picha za kifusi usiziguse. Watakaokuja kubishana nani alaumiwe, usiwajibu hapo. Hayo yana mahali pake, na ni haki yaulizwe.

Na mitandaoni watu husahau upesi, Rehema. Wiki ya tatu hakuna anayeandika tena, na mama yule bado ana watoto wa kulisha. Nenda ukakae naye. Mimi na Mama tunamtumia rambirambi kidogo kwa M-Pesa; nipe namba yake akiridhia.

Wako,
Mwanaidi