Shule zihitaji ramani za nyota zinazolingana na anga letu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na walimu wenzangu, pamoja na wazazi, kuhusu nyenzo za kujifunzia anga la usiku. Mara nyingi huulizwa shule inunue darubini ya aina gani, nami hujibu kwamba darubini isubiri kwanza, kwa sababu kinachowakwamisha zaidi wanafunzi wetu ni ramani na vitabu vilivyochorwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali sana kaskazini mwa ikweta.

Mwezi mwandamo, kwa mfano, huchorwa katika vitabu vingi ukiwa umesimama wima, ilhali mtoto wa Dodoma akitoka nje baada ya magharibi huuona umelala chali, pembe zake zikielekea juu. Vitabu hivyohivyo humwelekeza atambue kaskazini kwa Nyota ya Kaskazini, ambayo kwetu, nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, haichomozi kabisa. Mwanafunzi mwenye bidii huitafuta, na asipoiona hudhani kwamba kosa ni lake.

Nyenzo ninayoitanguliza ni programu ya Stellarium, ambayo kwa watumiaji wa kompyuta hutolewa bure na, ikishawekwa, hufanya kazi bila intaneti, jambo ambalo walimu wa vijijini wataelewa uzito wake. Kazi ya kwanza ni kuielekeza mahali ulipo. Ukishafanya hivyo, itakuonyesha anga la mji wako kwa tarehe na saa unayotaka. Mwezi Mei, ikiwa usiku haujaingia sana, waonyeshe wanafunzi Msalaba wa Kusini, kundi la nyota lenye umbo la msalaba, kisha mtoke nje muutafute wenyewe. Mstari unaopita katika mti wake mrefu, kutoka kichwani hadi mguuni, ukiurefusha takribani mara nne na nusu, utakufikisha karibu na upeo wa macho upande wa kusini.

Programu hiyo hiyo inaweza kutumika kuchunguza maarifa ya wazee. Wakulima na mabaharia wetu wamekifuata Kilimia, kundi dogo la nyota zilizosongamana, kwa vizazi vingi, na msemo wao kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, ni somo kamili la sayansi. Sogeza tarehe siku hadi siku, utaona Kilimia kikimezwa na mwanga wa jua mwezi Mei na kurudi mashariki, kabla ya mapambazuko, mwezi Juni. Baada ya hapo watumeni wanafunzi wakawahoji babu na bibi zao. Binafsi naithamini kazi hiyo kuliko mtihani wowote wa kukariri majina ya sayari.

Kwa shule yenye fedha kidogo, darubini ya mkononi ya macho mawili, iliyoandikwa 10x50, inatosha kabisa. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukiiegemeza ukutani isitikisike, utaiona miezi minne inayoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupita), ambayo mwanasayansi Galileo aliiona mwaka 1610. Isielekezwe kwenye jua hata kwa sekunde moja, kwani hupofusha. Tochi nayo ifungwe kitambaa chekundu, maana macho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mwanga mweupe wa simu huiharibu kazi hiyo mara moja.

Kwako Mhariri nina ombi. Gazeti lako hufika hata kwenye shule zisizo na kompyuta, hivyo nashauri litoe kila mwanzo wa mwezi ramani ndogo ya anga la Tanzania la saa mbili usiku, yenye majina ya Kiswahili kama Zuhura, Mirihi, Zohali na Kilimia, ambayo mwalimu ataikata na kuibandika ukutani. Walimu wa fizikia na jiografia tunaweza kuiandaa bila malipo.

Mwalimu wa fizikia,
Dodoma