Kabla hujaandika "eneo tupu"

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na magoti ya mama yako yana nafuu. Ujumbe wako nimeusoma: mkataba umekwisha kusaini na mwisho wa mwezi unakwenda mkoa wa Tshopo, kule Kongo (DRC), kuichorea kampuni ya mbao ramani za msitu. Hongera. Ningefurahi kushirikishwa kabla ya kalamu kugusa karatasi, lakini wewe na mashauri mnajuana.

Jambo linaloninyima usingizi ni moja: mtaandika nini pale ambapo picha za setilaiti hazionyeshi mtu? Kutoka juu msitu wa Kongo ni majani matupu. Kambi ya Wambuti, wale wawindaji wanaoishi msituni, iliyo chini yake haionekani, na baada ya muda inahamia kijito kingine. Mkubwa wa ofisini akiona ramani haina nyumba, anagonga mhuri wa kibali cha kuvuna. Watu wameshaondolewa kabla chenso haijawashwa, na aliyewaondoa ni mchoraji.

Wewe umelala kwenye kitanda cha sapele, ule mti wa mbao ngumu wa Kongo, tangu utotoni. Mimi mti huo niliujua kwa randa tu, mpaka mpasuaji mmoja wa huko akanieleza kwamba msimu wa mvua hujaa viwavi. Watu huwaokota, huwala, wengine huwakausha wakauze, na hayo yanakuja wakati ambao mawindo na samaki ni shida kupatikana. Karo yako nayo ilitoka kwenye mbao hizo hizo, kwa hiyo sijifanyi mtakatifu. Nakutaka tu ujue kwamba mti unaoupigia alama ya kukatwa una watu wanaoutegemea.

Watakwambia hawafyeki, wanachagua mti mmoja mmoja, msitu unabaki. Ni kweli, ila barabara inabaki pia. Kwa barabara hiyo wanaingia wawindaji wenye bunduki, wachoma mkaa, wanaotafuta mashamba. Funo, wale swala wadogo wa msituni, wanakimbia, na wanaowinda kwa nyavu wanarudi mikono mitupu, wanaishia kulima vibarua kwenye mashamba ya wengine. Si Kongo tu. Wayanomami, watu wa msitu wa Amazoni huko Brazili, walivamiwa na wachimba dhahabu: zebaki mtoni, malaria, watoto wakakonda hadi serikali ikatangaza hali ya dharura ya afya Januari 2023. Hata hifadhi zisizokatwa mti zimewaumiza watu wa msituni. Batwa, watu wa msitu wa Bwindi, Uganda, walitolewa msitu ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, na wengi wakabaki bila ardhi.

Basi tembea kwa miguu. Waulize akina mama majina ya vijito, makaburi yalipo, miti ya asali ni ya nani. Usiridhike na saini ya chifu peke yake, maana mara nyingi chifu ni wa kijiji cha wakulima kando ya barabara, na wa msituni hawakuitwa kikaoni. Wewe una aibu ya kuuliza mara mbili, nimekuona. Huko uliza mara tatu.

Wakisema muda wa kutembea haupo, andika "haijakaguliwa". Usiandike "tupu". Nakuomba hilo, mengine yote unaweza kunipuuza kama kawaida yako.

Sheria unazisoma kunizidi. Unajua ile amri ya Kongo ya 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake wenyewe, hadi hekta 50,000, na ombi hilo linataka ramani. Na sheria ya 2022 inalinda haki za Wambuti na wenzao. Kumbe ufundi wako ungewafaa na wao. Sikwambii uache kazi. Nasema wakikuuliza siku ya mapumziko, uwafundishe kushika hicho kifaa cha GPS.

Mdogo wako ameng'ang'ania chumba chako, nimemwambia asubiri uondoke kwanza. Bati la jikoni linavuja tena, fundi amekula hela na simu hapokei. Cheti chako cha chanjo ya homa ya manjano kiko kwenye droo ya mama yako, bila hicho mpakani hawakupitishi, kwa hiyo pitia nyumbani Jumamosi ukichukue. Na yale makaratasi yako yaliyojaa chini ya kitanda uje uyapange mwenyewe, mimi siyagusi.

Baba yako