Mdogo wangu uliyevuka ziwa bila kuaga

Mdogo wangu mpendwa,

Huu ni mwaka wa tatu tangu uvuke Ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, upande wa Kongo, na kila boti inapofika Kibirizi hakosekani mtu wa kuniambia kwamba amekuona. Nakuandikia hadharani kwa sababu namba zako hazipatikani, na kwa sababu yaliyosemwa juu yetu hapa Ujiji yalisemwa hadharani pia.

Siku ile ya mashine ya boti sijaisahau. Shangazi alifika alfajiri, akakaa kizingitini akilia, maana mashine ile ndiyo pekee aliyoachiwa na marehemu mumewe, nawe ulikuwa umeiuza usiku. Kuiuza ningeweza kukusamehe, kwani deni humpofusha mtu. Lakini ulikuwa unakula mgebuka, ukachambua miiba taratibu, ukamtazama, kisha ukaniuliza, "Dada, huyu analia nini?" Hukuuliza kwa kejeli. Ulitaka kujua kweli, na hilo ndilo linaloniamsha usiku hadi leo.

Wazee walisema umerogwa, tukatoa mbuzi wawili kwa mganga. Wengine walikuita kichaa, nami nilikataa, kwa kuwa husikii sauti zisizokuwapo, unajua ulitendalo, tena ukiingia harusini watu wote hukuzunguka kwa ucheshi wako. Mwishowe nilimwendea daktari wa magonjwa ya akili. Alikataa kukupa jina la ugonjwa kwa maneno yangu matupu, kwani mtu hupimwa akiwapo mwenyewe. Alinieleza tu kwamba lipo tatizo la haiba, yaani la namna mtu alivyo kitabia, ambalo mwenye nalo huvunja haki za wenzake mara kwa mara: huvunja sheria, hudanganya, hutenda bila kufikiri, hugombana, huhatarisha maisha ya watu, hukimbia wajibu na hachomwi na majuto. Kati ya dalili hizo 7 huhitajika angalau 3, na mtu hawezi kuthibitishwa kuwa nalo kabla hajatimiza miaka 18, wala pasipo tabia mbaya nzito zilizoanza kabla ya miaka 15. Nilinyamaza. Nilimkumbuka paka wa bibi, na ada ya shule uliyosema imeanguka ziwani ukiwa na miaka 11.

Niliuliza chanzo chake. Alisema kuna kinachorithiwa na kuna kinachotokana na malezi, hasa mtoto anapopigwa na kutelekezwa. Hapo nilikasirika, kwa maana hata mimi baba alinichapa na sikumwibia mtu. Ingawa ni kweli, mdogo wangu, mkanda ulikuangukia wewe zaidi, na mara nyingi mimi nilikuwa chumba cha pili nikisikiliza. Nilikuwa mtoto. Ningefanya nini?

Ulinilaumu kwamba nilikwenda polisi mwenyewe, kisha nikakunyima kadi ya harusi ya binti yangu. Nilifanya yote mawili na sitayakana. Shangazi hakuwa na mtu mwingine wa kumsemea, na binti yangu alikuwa na michango ya watu ndani ya nyumba. Ungekuwa na ugonjwa, bado mashine ingekuwa imeuzwa, na ningekosea kuwaficha ndugu ili nikusitiri wewe.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuliponya tatizo lenyewe, ingawa pombe, hasira au sonona zinazoambatana nalo hutibika, na yapo mazungumzo ya tiba yanayowasaidia baadhi ya watu wanaokubali kuyafuata. Daktari aliongeza kuwa kwa wengi ukali hupungua wanapofikia miaka ya arobaini. Mwaka huu unatimiza 38. Nimehesabu, na sikuona aibu kuhesabu.

Shangazi sasa anauza mawese sokoni Mwanga, na nusu ya bei ya mashine nimekwisha kumlipa. Ukija, njoo mchana. Funguo za nyumba sitakupa, na fedha sitakutia mkononi, lakini gharama za daktari nitalipa mimi, na kwenye benchi la kusubiri nitakaa nawe mpaka jina lako liitwe.

Dada yako