Kaka, hilo eneo la Kibirizi usisaini kwanza

Kaka Hamisi, za huko Kigoma? Huku Tabora tupo, joto tu na vumbi.

Picha za eneo nimeziona. Bei nzuri sikatai, ila ule udongo mweusi pale yalipofukiwa matanki ya dizeli ndo ulionistua. Eti mwenye eneo anakwambia mvua zitaosha, zitaosha zipeleke wapi, si ziwani na kwenye visima vya majirani? Dizeli ikishazama inaenda kuelea juu ya maji ya ardhini inakaa huko miaka, na pale kwenye banda walipokuwa wanavunja betri patakuwa na madini ya risasi, hayo hayaozi, wajukuu zako watayakuta.

Sasa we unakomaa nae kwenye bei, mi naona tatizo ni kile kifungu cha kununua eneo "kama lilivyo". Ukisaini hicho umenunua na uchafu wake. Kuna kisa cha Marekani, Love Canal, pale Niagara Falls, kampuni ya Hooker ilifukia takataka za kemikali halafu 1953 ikaiachia bodi ya shule eneo lote kwa dola 1, dola moja kaka, na kwenye hati wakaandika mtu akidhurika wao hawamo. Shule ikajengwa, nyumba zikajaa, 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura na watu wakaanza kuhamishwa. Mtu akikushushia bei hivyo jiulize anakimbia nini.

Najua utasema sheria ya mazingira ya 2004 inataka anayechafua ndo alipe. Sawa, lakini wakaguzi wa mazingira wa serikali wakija watamkuta nani pale? Wewe na hati yako, yeye kashahamia Dar.

Mi nakushauri hivi, tafuta mtaalamu wako sio wake, achukue sampuli za udongo chini kabisa maana juu naona kashamwaga moramu mpya (mjanja huyo), na maji ya kisima pia, zipimwe maabara. Gharama ya kusafisha ikijulikana, sehemu hiyo ya bei ibaki kwa wakili mpaka matanki yatolewe na vipimo virudiwe, na yote iandikwe kwenye mkataba, ahadi za mdomo hapana. Akigoma hata kupima achana nae, viwanja havijaisha Kigoma.

Nitumie rasimu ya mkataba WhatsApp nimuoneshe wakili wa huku. Na dagaa usisahau, shemeji yako kanisumbua sana.