Nataka tuachane kwa suluhu, kaka ataka mahakama

Shangazi, assalam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkaazi wa Langoni, Lamu. Mimi na mume wangu tumeafikiana kuachana, na talaka yenyewe hainisumbui. Kinachonisumbua ni nyumba.

Ya chini nilipewa na marehemu baba nilipoolewa, ndiyo ada yetu hapa kumpa binti nyumba. Mume wangu akapandisha ghorofa kwa pesa za jahazi lake: mawe, chokaa, boriti, ujira wa mafundi, yote juu yake. Hati ni yangu, risiti hakuna hata moja. Sasa asema arudishiwe gharama zake, au aachiwe ghorofa apangishe wageni. Kaka yangu mkubwa amewaka. Ataka niweke wakili, twende kwa kadhi, mtu yule asitoke na hata msumari.

Shangazi, mimi sitaki. Jahazi likitia nanga watoto hukimbilia gatini kumpokea baba yao. Mji wenyewe huu vichochoro vyembamba, la mahakamani asubuhi adhuhuri liko sokoni. Na ghorofa aliijenga kweli, siwezi kuapa kinyume. Qur'ani, Surat An-Nisaa aya ya 35, imeagiza mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke. Najua pale ni kwa kupatanisha, lakini naona hata kuachana kwataka watu wa namna hiyo. Katiba ya 2010 nayo, ibara ya 159, yazitaka mahakama ziendeleze usuluhishi.

Hofu yangu ni kikao chenyewe. Yeye atamleta ami yake, mzee mwenye kauli nzito. Upande wangu aliyebaki ni kaka, naye kwa hasira zile atavunja kikao kabla kahawa haijamiminwa. Je, naweza kumweka mama yangu mdogo awe mwamuzi wangu, au wazee watamdharau?

Pia nimeambiwa mapatano tukiyatia saini yaweza kupelekwa kwa kadhi yakawa amri ya mahakama. Basi tuandikiane kabla hajatoa talaka, au baada? Akishaitoa nitakaa eda humu humu ndani, naogopa nitalainika nikubali lolote. Na matumizi ya watoto tuyaandike mbali kabisa, yasije yakakatwa kufidia ghorofa?

Kaka nimwambie nini bila kumvunjia heshima? Ndiye aliyeshika nafasi ya baba alipofariki.

Mama Watatu, Lamu