Acha kuifuata theluji kwa mkono: barua kwa mdogo wangu aliyeko Uswisi

Mdogo wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Video uliyoituma niliitazama nikiwa Ujiji, barazani kwa mama mdogo, naye aliitazama mara mbili kabla ya kuniuliza kwa nini mwanawe anajitupa chini kwa hiari yake mbele za watu. Nilimjibu kwamba unajifunza kukata kona ukiwa umesimama juu ya ubao wa kuteleza kwenye theluji, huku mwili ukilala hadi karibu na chini. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika, kwa sababu nilichokiona ni kuanguka polepole, tena kwa kosa lile lile lililoniweka kwenye plasta katika majira yangu ya pili ya baridi huko.

Kosa lenyewe ni kuifuata theluji kwa mkono. Ukifika kwenye kona unainama kiunoni na kunyoosha mkono hadi uguse chini, ilhali ubao umebaki karibu bapa chini ya buti zako. Mwili umelala, ubao haujalala. Tangu Mfaransa Serge Vitelli alipoufanya mtindo huu ujulikane katika miaka ya 1980, mtazamaji hudhani kwamba anayelala analenga kuigusa theluji, kumbe mguso huo huja mwisho kabisa, baada ya makali ya chuma yaliyo pembeni mwa ubao kuzama na kuubeba uzito wote.

Kumbuka mteremko wa hapa Kigoma, wa kutoka Mwanga kushuka stesheni. Kijana wa bodaboda anayejua kazi yake hainamii upande mmoja na kuiacha pikipiki imesimama wima. Hulala pamoja nayo, kwa kadiri mwendo unavyomruhusu. Ubao una jambo moja zaidi ambalo pikipiki haina. Umechongwa kiuno, katikati ukiwa mwembamba kuliko kwenye ncha, hivyo makali yake ni kipande cha duara kubwa, na unapoulaza hupinda na duara hilo hupungua. Ubao ambao nusukipenyo cha duara lake ni mita 10, ukilazwa kwa nyuzi 60, hukata kona yenye nusukipenyo cha takriban mita 5. Ili nawe ulale kwa nyuzi hizo bila kuanguka, ukipiga hesabu kama uko mahali tambarare, unahitaji mwendo wa karibu kilomita 33 kwa saa, na miguu yako itasukumwa kana kwamba uzito wako umekuwa mara mbili. Katika video hukufika hata nusu ya mwendo huo. Hapakuwa na kitu cha kukushikilia.

Basi anza upya. Chagua mteremko mpana usio mkali, uende asubuhi mapema ambapo alama za mashine ya kusawazisha bado zinaonekana na watu hawajauchimbua. Kwa siku kadhaa usiguse chini kabisa. Simama juu ya ubao ukiwa umekunja magoti kidogo, uulaze kwa magoti na vifundo vya miguu, kisha ungoje ugeuke wenyewe. Kungoja huku ndiko kulikonishinda mimi kwa muda mrefu. Halafu simama, utazame nyuma. Ukiona mstari mwembamba kama uliochanjwa kwa wembe, ubao umekata. Ukiona alama pana iliyokwanguliwa, umeteleza tu, hata kama mkono wako ulifika chini.

Mstari ukiwa safi pande zote mbili, ongeza ulalo. Upande wa vidole vya miguu, unapolalia kifua, ni mwepesi: peleka nyonga na magoti kuelekea theluji kwa pamoja, kifua kifuate, nyoosha miguu kadiri kona inavyoendelea, kisha ikunje ubao unapopita chini yako kwenda kona ya pili. Kazi iko upande wa visigino, unapolalia mgongo. Huko wengi hukaa kama walio kwenye kigoda, makalio nje na macho chini, na ubao huanza kutetemeka na kuchomoka. Zungusha mabega na nyonga kuelekea unakokwenda, na macho yatangulie.

Angalia pia buti zako, maana ukoo wetu haukujaliwa miguu midogo. Zikichomoza nje ya ubao, hugusa theluji kabla ya ulalo kukamilika, makali hunyanyuka, na unarushwa bila onyo. Geuza vifungo vinavyoshika buti kwenye ubao vielekee mbele zaidi, au tafuta ubao mpana. Baadhi ya wanaolala kabisa huelekeza vifungo mbele sana kwa sababu hiyo, na huvaa buti ngumu. Vaa pia kinga za kifundo cha mkono, sehemu ambayo wanaoanza huiumiza mara nyingi kuliko nyingine. Mimi sikuvaa. Kiganja kilibaki kwenye theluji, mwili ukaendelea na safari.

Video ijayo usijipige wewe. Panda na lifti ya viti, upige picha ya mstari wako ukiwa juu. Mama mdogo hatauelewa, lakini mimi nitaukuza kwenye simu nione unapoanzia kupanuka. Huku barafu pekee niionayo ni ile ya wauza samaki aina ya migebuka pale Kibirizi, kwa hiyo usinicheleweshe.

Kaka yako,
Kigoma