Tarehe ya kuzaliwa Yesu haijulikani, tuseme hivyo kanisani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika wiki mbili zilizopita kwamba Krismasi ni sikukuu ya jua ya Warumi, na kwamba sisi tunaoiadhimisha tumedanganywa. Barua yake nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma mwenyewe. Mara ya pili alinisomea mjukuu wangu aliye chuoni, aliyekuja nyumbani na gazeti amelipigia mistari ya kalamu nyekundu. Mara ya tatu niliisoma usiku, watu wamelala, kwa sababu mjukuu huyo alipomaliza kunisomea aliniuliza, "Babu, kumbe mlikuwa mnajua?"

Nilikuwa najua, na ndiyo maana naandika.

Kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa karani wa kuandikisha vizazi na vifo wilayani kwetu. Mtu mzima akija kutafuta cheti cha kuzaliwa, tulimwomba ushahidi: cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, cheti cha shule ya msingi, au hati ya kiapo kutoka mahakamani. Wengi hawakuwa na karatasi yoyote, wakaja na mama zao. Mama anasema, "Huyu nilimzaa tukipalilia uwele mara ya pili." Mwingine anasema, "Mwaka ule tuliohamia kijiji cha ujamaa, nyumba bado haijaezekwa." Kwa maneno kama hayo nilipata mwaka, na mara nyingi nilipata hata mwezi. Siku sikuipata karibu kamwe. Lakini fomu ilitaka siku, kwa hiyo tuliandika 1 Julai au 1 Januari. Mama yangu mzazi alizaliwa wakati wa mvua za kwanza baada ya Mtunya, ile njaa iliyoua watu wengi Ugogo kati ya 1917 na 1920. Katika karatasi zake zote amezaliwa 1 Januari 1921, na mwandiko ni wangu.

Ndiyo maana nikifungua Luka sura ya pili naona mwandishi mwenzangu. "Iandikwe orodha ya majina ya watu wote," anasema, kisha anamtaja Kaisari Augusto, na Kirenio liwali wa Shamu, yaani Siria. Anafanya kama wale akina mama: anataja mtawala, anataja tukio, anataja wachungaji usiku. Siku hataji. Mathayo naye hataji siku, na Marko na Yohana hawagusi kabisa kuzaliwa huko Bethlehemu.

Hata mwaka wenyewe unasumbua. Mathayo anasema Herode alikuwa hai. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ileile ya kwanza, anasema mwezi ulipatwa kabla Herode hajafa, na Pasaka ikafuata baada ya kifo chake. Kwa hayo wataalamu wengi wanakiweka kifo hicho mwaka 4 K.K. Lakini Josephus huyohuyo anaiweka hesabu ya watu ya Kirenio mwaka 6 B.K. Hapo pana pengo la miaka tisa, na wamejaribu wengi kuliziba bila kukubaliana. Hesabu ya miaka tunayoitumia sasa ilianzishwa na mtawa Dionysius Exiguus mwaka 525, alipokuwa akitengeneza jedwali la tarehe za Pasaka. Kama Herode alikufa mwaka huo wa 4 K.K., Dionysius amepitwa na miaka minne au zaidi. Ofisini kwetu kosa kama hilo lilisahihishwa kwa wino mwekundu na saini ya ofisa. La Dionysius dunia nzima imelizoea.

Msomaji anaegemea zaidi zamu ya Abiya, mojawapo ya zamu za makuhani waliopokezana kuhudumu hekaluni. Ni kweli Zekaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alikuwa wa zamu hiyo, na 1 Mambo ya Nyakati 24 inaitaja kuwa ya nane kati ya zamu ishirini na nne. Anahesabu kuanzia mwezi wa kwanza wa Kiyahudi, anaongeza miezi sita ya mimba ya Elisabeti, mke wa Zekaria, iliyotungwa baada ya zamu hiyo, kisha tisa ya Mariamu, anafika Septemba. Nami nimeifanya hesabu hiyo kwa penseli, si mara moja. Tatizo ni kwamba kila zamu ilihudumu wiki moja, kwa hiyo zamu zote zilimalizika katika nusu mwaka, kisha zikaanza upya. Zekaria aliingia hekaluni kwa zamu yake mara mbili kwa mwaka. Ukianza na zamu yake ya pili unafika Machi. Halafu Yohana Krisostomu, kasisi na mhubiri maarufu wa kale, akihubiri Antiokia mwaka 386, alianza na Zekaria huyohuyo akafika Desemba, kwa kuwa alimchukulia kuwa kuhani mkuu siku ya upatanisho, ambayo huangukia Septemba au Oktoba. Luka hasemi hivyo. Anasema kura ilimwangukia kufukiza uvumba. Shahidi mmoja akinipa tarehe tatu, mimi daftarini siandiki hata moja.

Sasa wachungaji. Hapa naomba mhariri univumilie, maana nimechunga kondoo kabla sijashika kalamu. Msomaji anasema kwa kujiamini sana kwamba Desemba ni baridi na mvua huko, hivyo hakuna kondoo anayelala nje. Biblia yetu ya Kiswahili inasema walikuwa "wakikaa makondeni na kulinda kundi kwa zamu usiku." Konde ni shamba. Sisi Wagogo hatupeleki mifugo shambani mazao yakiwa yamesimama. Tunaiingiza baada ya kuvuna, ile mabua. Huko Yudea shayiri na ngano huvunwa kati ya Aprili na Juni, kwa hiyo neno hilo lingeweza kweli kunipeleka kiangazi. Hapo namkubalia.

Lakini Bethlehemu iko juu ya kilima, meta 775 hivi, na upande wa mashariki ardhi inateremka kuelekea jangwa la Yudea na Bahari ya Chumvi. Kule chini kuna joto zaidi, na majani huota mvua zinaponyesha, yaani kuanzia Novemba hadi Machi. Mchungaji anayejua kazi yake huyafuata majani. Tena kondoo wa nchi hiyo, wenye mkia wa mafuta kama hawa wetu, huzaa zaidi majira hayo ya baridi. Na aliyewahi kulala na kundi linalozaa anajua kwa nini watu hukesha kwa zamu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kaka yangu kumi na minne. Jike likianza kuhangaika, mmoja wetu alisimama na kijinga cha moto, kwa sababu harufu ya damu ya uzazi humwita fisi kutoka mbali. Katika msimu usio wa kuzaa tulilala wote wawili hadi asubuhi. Sisemi kwamba hilo linathibitisha Desemba. Nasema mtu asifunge mjadala kwa kusema kondoo hawalali nje wakati wa baridi, kama hajawahi kulala nao.

Kuhusu jua la Warumi, mwaka 274 Kaisari Aurelian alizindua hekalu la Jua Lisiloshindwa mjini Roma. Hilo ni kweli. Lakini andiko la zamani zaidi linaloitaja 25 Desemba kuwa siku ya jua hilo ni kalenda ya mwaka 354, na ndani ya kitabu hichohicho kuna orodha inayosema Kristo alizaliwa Bethlehemu tarehe hiyohiyo. Nani alianza, kitabu hakisemi. Kuna maelezo mengine ambayo msomaji hakuyagusa. Tangu mwaka 200 hivi walikuwapo Wakristo walioamini kwamba Yesu alisulubiwa 25 Machi, na askofu Agostino baadaye aliandika kwamba siku hiyohiyo ndiyo aliyotungwa mimba. Ongeza miezi tisa. Hesabu ya namna hiyo ikianzia 6 Aprili inaangukia 6 Januari, siku ambayo Waarmenia wanaadhimisha kuzaliwa kwake hadi leo. Majirani zetu wa Ethiopia wanasherehekea 7 Januari, kwa sababu ya kalenda yao. Na Klementi wa Aleksandria, mwalimu wa Kikristo wa miaka hiyohiyo ya 200, aliandika kwamba wapo waliosema ni Mei na wapo waliosema ni Aprili.

Jirani yangu mwenye duka, Mwislamu, tulipokuwa tukilizungumza jambo hili barazani kwake, alinikumbusha Surat Maryam, pale Bibi Maryam anapoambiwa autikise mtende zimdondokee tende mbivu. Tende huiva mwishoni mwa kiangazi cha kule. Nikamwambia hilo nalo ni ushahidi wa aina ya uwele na palizi. Akakubali.

Kwa hiyo ndugu msomaji ana haki kusema kwamba 25 Desemba haimo katika Biblia. Haki hana anaposema tumedanganywa. Hao wa karne ya nne hawakuficha. Krisostomu katika mahubiri yale aliwaambia watu wake waziwazi kwamba sikukuu hiyo haijafikisha hata miaka kumi tangu ijulikane kwao, na kwamba wapo wanaoipinga. Alisema mimbarani, siku yenyewe ya sikukuu.

Sisi ndio tulionyamaza. Mimi nilifundisha darasa la kipaimara miaka kumi na saba. Haya nilianza kuyasoma mwaka 1986, katika kitabu nilichoazimwa na kasisi, nami sikumwambia mwanafunzi hata mmoja. Niliogopa kwamba kijana akisikia tarehe haijulikani, atadhani na mtoto hakuzaliwa. Matokeo yake mjukuu wangu ameyapata kwenye simu, kwa mtu anayepiga kelele, na pamoja na hayo ya kweli amepewa mengine yasiyo na mguu wala kichwa. Alinilaumu kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Nilimwonyesha karatasi za bibi yake mkubwa, tarehe 1 Januari 1921. Aliziangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Lakini Babu, hii ulituambia tangu tukiwa wadogo kwamba ni ya kukadiria." Nami sikuwa na jibu.

Nawaomba maaskofu, makasisi na walimu wa dini wa madhehebu yote yanayoadhimisha Krismasi waliweke jambo hili katika mafundisho ya vijana, wazi, pamoja na hesabu zake zote na mapengo yake. Somo moja linatosha. Kasisi wetu amekubali nipewe nusu saa baada ya ibada, Jumapili ya pili ya Majilio. Nitakwenda na daftari la hesabu zangu, na ule ukurasa wa Luka. Mjukuu wangu atakuwa likizo. Amesema atakuja na maswali, na ameniomba nisimjibu lolote kabla ya siku hiyo.

Karani mstaafu na mzee wa kanisa,
Mpwapwa, Dodoma